Jasho na Fungu Lake: Habari za Kambi za Kazi Katika Miaka ya Dhiki



Chama kinapotimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu: mazao yaliyopimwa kwenye mizani, fedha zilizoingia na zilizotoka, wanachama waliojiunga na wale waliotangulia mbele ya haki. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo ni haki ya kila mwanachama kuzisoma na kuziuliza. Lakini iko hesabu nyingine ambayo mara nyingi haiandikwi popote, nayo ni hesabu ya jasho: zile siku ambazo mtu ameacha shamba lake mwenyewe, akachukua jembe na koleo, akaenda kufanya kazi ya watu wote.

Sisi wa Kinyerezi twaijua kazi hiyo. Ardhi yetu ni ya miteremko na mabonde. Mvua za masika zikinyesha, maji huteremka kwa nguvu kuelekea Mto Msimbazi, yakachukua udongo na kuacha makorongo. Hapana mtu awezaye kuziba korongo peke yake. Ni lazima watu waitwe. Na watu wakiitwa, huzuka swali ambalo ni la zamani kuliko chama chetu: anayeitwa atapata nini, na ni nani atakayejua kwamba alikuja?

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za miaka ya 1930, miaka ya Dhiki Kuu, ambapo serikali mbili, moja iliyotawala hapa kwetu na nyingine ng'ambo ya bahari, ziliwatia watu katika kazi za umma kwa majembe, masururu na makoleo. Vifaa vilikuwa vile vile, na jasho la mwanadamu ni lile lile. Kilichotofautiana ni fungu la mfanyakazi; na kutokana na tofauti hiyo twaweza kujifunza jambo kubwa kwa ajili ya miaka kumi ijayo.

JINSI DHIKI ILIVYOTUFIKIA

Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa katika soko la New York zilianguka ghafula. Mabenki yakafungwa, viwanda vikazimwa, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne wa Marekani hakuwa na kazi. Huenda mtu akauliza, mambo ya New York yanamhusu nini mkulima wa Tanganyika? Jibu ni kwamba mkulima huyo alikuwa akilimia soko la dunia. Viwanda visiponunua, katani haina mnunuzi. Watu wakikosa fedha, kahawa na pamba hukosa bei. Bei ya katani, ambayo ndiyo iliyokuwa zao kubwa la biashara katika nchi, ilianguka kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka michache. Wenye mashamba makubwa wakawapunguza vibarua na kupunguza ujira wa waliobaki. Mkulima mdogo naye akaleta mzigo ule ule wa mazao sokoni, akaondoka na shilingi chache kuliko mwaka uliopita.

Lakini kodi haikuanguka pamoja na bei. Serikali ya Waingereza, iliyokuwa imekabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliendelea kudai kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Ilitangaza pia kampeni ya kuwahimiza watu walime mazao zaidi, ili wingi wa mazao ufidie udogo wa bei. Hivyo mkulima akafanya kazi zaidi ili apate kile kile, au pungufu yake. Na yule aliyeshindwa kabisa kupata fedha alikuwa na njia moja iliyobaki: kulipa kwa mwili wake.

JASHO BADALA YA SHILINGI

Kazi ya kulipia kodi haikuzuliwa na Waingereza. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na tangu siku zao asiye na fedha aliweza kutiwa katika kazi za serikali. Tena hapa petu Uzaramo palikuwa na kumbukumbu nyingine ya kazi ya shuruti. Mwaka 1902, katika utawala wa Gavana von Götzen, serikali ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walitakiwa walilime. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu la wafanyakazi, fungu la jumbe na fungu la wilaya. Kwa maneno, mgawo huo wapendeza. Lakini fungu moja likigawanywa kwa watu wote waliolima, kila mtu alipata kidogo mno, hata wako waliokataa kupokea malipo hayo. Mpango huo ulienea kusini. Na mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi walipoanza vita vya Maji Maji, jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kung'oa mashina ya pamba.

Waingereza walipokuja hawakurudisha mashamba yale, lakini kazi badala ya kodi iliendelea katika sheria zao. Na katika miaka ya dhiki, watu wasio na shilingi walipokuwa wengi, ndipo iliposikika zaidi. Mwenye deni la kodi alipelekwa kutengeneza barabara, kufyeka, kuchimba mitaro, kujenga nyumba za serikali. Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Barabara ni kitu chema. Ubaya ulikuwa kwamba mtu huyo alirudi nyumbani mikono mitupu. Siku alizotoa zilifuta deni lake tu. Mkewe hakupata unga, wanawe hawakupata nguo, na shamba lake lilikuwa limekaa bila jembe. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Jambo hilo lilijulikana hata nje ya nchi. Mwezi wa Juni 1930 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, ulipitisha Mkataba wa Kazi za Shuruti, namba 29. Mkataba huo uliweka mipaka: wasiitwe ila wanaume wenye nguvu, wa umri wa miaka 18 hadi 45; wasizidishiwe siku 60 katika miezi 12; na walipwe fedha taslimu, kwa kiwango kisichopungua ujira wa kawaida. Lakini palikuwa na mlango ulioachwa wazi. Kazi ya kulipia kodi haikutiwa katika sharti la malipo. Ilisemwa tu kwamba iondolewe hatua kwa hatua. Uingereza ilijifunga na mkataba huo mwaka 1931, na Tanganyika, ikiwa nchi huru, mwaka 1962.

KAMBI ZA MAREKANI

Sasa tuvuke bahari. Rais Franklin Roosevelt aliingia madarakani tarehe 4 Machi 1933. Aliona matatizo mawili yaliyosimama pamoja: vijana mamia ya maelfu wasio na kazi wala matumaini, na ardhi iliyoharibika, misitu ikiwa imekatwa na udongo ukichukuliwa na maji na upepo. Akasema matatizo hayo mawili yakutanishwe, moja liwe dawa ya lingine. Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 31 Machi, alitia sahihi sheria iliyozaa jeshi la raia la kuhifadhi ardhi na misitu, lililojulikana kwa kifupi kama CCC. Kambi ya kwanza ilifunguliwa katika msitu wa Virginia tarehe 17 Aprili, yaani majuma machache tu baadaye.

Mpango ulikuwa hivi. Kijana ambaye hajaoa, asiye na kazi na mwenye jamaa wanaohitaji msaada, aliandikishwa kwa miezi sita, naye aliweza kuongeza muda. Idara ya Kazi ilisimamia uteuzi. Jeshi lilisimamia kambi, chakula na afya. Idara za Kilimo na Mambo ya Ndani zilichagua kazi na kuisimamia. Kambi moja ilikuwa na watu kama 200. Walilala kwanza katika mahema, kisha katika mabweni ya mbao; walipata milo mitatu, nguo, viatu na daktari; walifanya kazi saa 40 kwa juma.

Na ujira? Hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Kila kijana alipata dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, kwa kawaida dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa jamaa zake nyumbani, naye akabakiwa na dola 5 za mkononi. Dola 25 si utajiri. Lakini kwa mama aliyekuwa hana kitu zilikuwa unga, kodi ya nyumba na viatu vya watoto. Tena fedha hiyo haikuishia kwa mama. Mwenye duka aliyekaribia kufunga alipata mteja, na mkulima aliyemwuzia mwenye duka naye alipata soko. Jasho lililomwagika msituni lilifika hata mjini.

Mpango huo ulidumu miaka tisa. Mwaka 1935 ulikuwa na watu zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja. Kwa jumla karibu watu milioni 3 walipitia katika kambi hizo, wakapanda miti inayohesabiwa kuwa kati ya bilioni 2 na 3, wakajenga njia, madaraja na minara ya kulinda moto, wakaziba makorongo kwa vizuizi vya mawe na magogo, na wakatengeneza mamia ya hifadhi ambazo watu hutembelea hata leo. Jioni palikuwa na masomo kwa mwenye kupenda, na vijana zaidi ya 40,000 walioingia kambini bila kujua kusoma wakatoka wakijua.

VIJANA WEUSI WA GETTYSBURG

Katika kambi zote hizo tumechagua habari ya mahali pamoja, kwa sababu panatuonyesha wema wa mpango huo na kasoro yake katika uwanja mmoja. Mahali hapo ni Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania. Hapo, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, majeshi ya Kaskazini na ya Kusini yalipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo chanzo chake kilikuwa utumwa wa watu weusi. Katika siku tatu waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea au kutekwa walikaribia 50,000. Kaskazini ilishinda, na baadaye utumwa ukafutwa. Mwaka 1895 uwanja huo ulifanywa hifadhi ya taifa.

Mwaka 1933 kambi mbili za CCC ziliwekwa ndani ya hifadhi hiyo, moja katika kisitu cha Pitzer na nyingine katika kisitu cha McMillan. Vijana waliopelekwa huko walikuwa weusi. Wajukuu na vitukuu vya watu waliokuwa watumwa walipewa masururu na mashoka ili watunze uwanja ambao uhuru wa babu zao ulipiganiwa. Walisafisha misitu, wakapanda miti, wakatengeneza uzio, barabara, mitaro ya maji na njia za miguu.

Lakini kwa nini walikuwa peke yao? Sheria ya mwaka 1933 ilikuwa na kifungu kilichokataza ubaguzi wa rangi, kabila au dini katika kuandikisha watu. Kifungu hicho kilitiwa na Oscar De Priest wa Chicago, ambaye wakati huo ndiye mtu mweusi pekee katika Bunge la Marekani. Maneno yalikuwa mazuri. Utekelezaji haukuwa hivyo. Katika majimbo ya kusini maofisa wengine waliwakataa weusi kwa visingizio. Idadi yao ilizuiwa isizidi kadiri ya sehemu yao katika wananchi, yaani kama mmoja katika kumi, ijapokuwa dhiki yao ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Na mwaka 1935 mkurugenzi wa mpango, Robert Fechner, aliagiza kambi za weusi na weupe zitengwe. Hata hivyo vijana weusi wapatao 200,000 walipitia katika mpango huo.

Kasoro nyingine ilikuwa ya uongozi. Wafanyakazi walikuwa weusi, lakini makamanda wa kambi zao walikuwa, karibu wote, weupe. Viongozi wa watu weusi walidai haki hiyo kwa miaka, na Gettysburg ikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo walisikilizwa: kambi ya McMillan ilikabidhiwa maofisa weusi, akiwamo Kapteni Frederick Lyman Slade. Twaomba msomaji asipite hapa haraka. Mtu akilipwa, amepata nusu ya haki yake. Nusu ya pili ni kuaminiwa kushika daftari, kutoa amri na kuulizwa shauri.

Tarehe 3 Julai 1938, miaka 75 baada ya vita vile, Rais Roosevelt alikuja Gettysburg kufungua mnara wa amani. Wazee zaidi ya 1,800 waliopigana katika vita hivyo, wa pande zote mbili, wengi wakiwa wamepita umri wa miaka 90, walihudhuria katika hifadhi iliyotunzwa na mikono ya vijana wale. Miaka minne baadaye, nchi ikiwa katika Vita Kuu ya Pili, Bunge lilikata fedha za CCC, na mwaka 1942 kambi zikafungwa. Vijana wengi walikwenda jeshini. Miti waliyoipanda ilibaki.

KASORO ZA MPANGO HUO

Tusije tukafikiriwa kuwa twasifu vya ng'ambo kwa sababu ni vya ng'ambo. Ubaguzi tumekwisha kuutaja. Wanawake hawakuandikishwa kabisa katika CCC. Kana kwamba njaa huwachagua wanaume. Vyama vya wafanyakazi navyo vilikuwa na hofu: kiongozi wao mkubwa, William Green, alilalamika kwamba dola moja kwa siku, chini ya usimamizi wa Jeshi, itashusha ujira wa wafanyakazi wote. Roosevelt hakuipuuza hofu hiyo. Ndiyo sababu alimteua Fechner kuwa mkurugenzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, ili vyama hivyo vipate imani. Basi hata katika dhiki palikuwa na kusikilizana kidogo kabla ya amri.

Mizani yetu basi ni hii: CCC ilikosea pale ilipobagua na pale ilipowanyima watu uongozi, ilifaulu pale ilipomfanya kila mfanyakazi aone fungu lake na kulifikisha nyumbani kwake.

TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Hapa kwetu, miaka ile ile ya dhiki ilizaa kitu kingine chema. Mwaka 1932 Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao walikuwa na chama chao tangu 1925, wakawa na chama kikuu, KNCU. Ushirika wetu wa leo ni wa ukoo huo. Ulizaliwa katika dhiki, kwa sababu mkulima aliyekuwa peke yake alionewa na bei. Lakini hata huko palitokea onyo mapema. Mwaka 1937 bei ya kahawa ikiwa chini, wakulima wakilazimishwa kuuza kwa njia ya chama tu, zilizuka ghasia. Hawakuwa wajinga wasiojua faida ya umoja. Walikuwa watu waliohisi kwamba chama kimekuwa cha amri na si chao.

Somo hilo halikushikwa. Katika miaka ya 1950 serikali ilitaka kuihifadhi ardhi ya milima ya Uluguru, na ikawaagiza watu wachimbe matuta ya ngazi. Nia ilikuwa njema: kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kama zilivyofanya kambi za Marekani. Lakini kazi ilikuwa nzito, mtu hakulipwa, tena wengi waliona matuta yale hayaongezi mavuno. Mwaka 1955 zikazuka ghasia na mpango ukaachwa. Tazameni basi: kazi ni ile ile ya kuhifadhi udongo, na jembe ni lile lile. Huko vijana walipanga foleni waandikishwe. Huku watu waliasi. Udongo wa Uluguru hauna ubaya uliozidi ule wa Virginia. Kilichokosekana ni fungu na shauri.

Baada ya uhuru watu wetu walijenga barabara, shule na zahanati kwa kujitolea, tena kwa furaha, kwa kuwa waliona shule ni yao na watoto watakaosoma ni wao. Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, nalo likawa na kambi za vijana, kazi na mafunzo. Ilipoamuliwa wasomi nao watumike kwa miaka miwili, wakipata sehemu tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mwezi wa Oktoba 1966, na karibu 400 wakafukuzwa. Lakini siku hiyo hiyo Mwalimu Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na viongozi wengine wakafuata. Alijua kwamba anayewaambia wengine wajinyime hana budi aanze yeye.

Na ushirika wenyewe umeonja uchungu wa kutoulizwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, bila wanachama kupiga kura. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Katikati hapo mkulima alijifunza kwamba chama kikiwa si mali ya wanachama, kinaweza kuondolewa kama kibanda cha mtu mwingine.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kutokana na habari hizi twaona mambo matatu yanayotupasa, sisi wanachama na ninyi viongozi, katika kila kazi ya pamoja tutakayoifanya.

La kwanza ni daftari. Jasho lisiloandikwa husahauliwa, na likisahauliwa huleta chuki. Kila siku ya kazi iandikwe, jina kwa jina, mbele ya watu, kama tunavyoandika kilo za mazao. Na daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha. Aliyekuja ajulikane. Asiyekuja naye ajulikane, asije akakaa mbele siku ya kugawana.

La pili ni fungu. Si lazima liwe fedha kila mara. Laweza kuwa miche, mbegu, nafuu ya ada, au maji yatakayofika shambani kwake. Lakini liwe ni kitu ambacho mtu aweza kumwonyesha mkewe, au mke kumwonyesha mumewe, na kusema: hiki nimekipata kwa siku zangu. Na wanawake, ambao ndio wengi katika mashamba yetu na ambao CCC iliwasahau, wahesabiwe sawasawa. Mama aliyebeba mawe ya kuziba korongo hakubeba mawe mepesi kwa sababu ni mwanamke.

La tatu ni sauti. Kazi ichaguliwe na wale watakaoifanya. Mkulima anajua ni bonde lipi linalokatika kwanza, na ni majira gani hawezi kuacha palizi yake. Mkataba wa Geneva wenyewe, pamoja na upungufu wake, ulisema kazi isimtoe mtu makwao wala isivunje majira ya kilimo. Kamati isiyouliza majira ya wanachama wake itawakuta mashambani kwao siku ya mwito, nayo isiwaite wavivu.

Mambo hayo hayana gharama kubwa. Daftari ni bei ya soda chache. Kuuliza hakuna bei. Lakini yakikosekana, hata fedha nyingi hazitoshi, kama walivyojua wale waliokataa malipo ya pamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, karibu na hapa tulipokaa.

Miteremko ya Kinyerezi inatungoja kila masika, na maji hayangoji mkutano. Chama chetu kimekwisha kuonyesha kwa miaka kumi kwamba chaweza kupima mazao kwa haki. Twaomba miaka kumi ijayo kipime na jasho kwa haki. Ili miti tutakayoipanda ikikua, watoto wetu wakiuliza ilipandwa na nani, pawepo daftari la kuwajibu, na majina yetu sote yawe humo.

Sisi ni wenzenu katika ushirika.